Mgeni Alikuja Jumapili Moja, Hakurudi: Maswali Yenu Kuhusu Ukaribishaji Kanisani

Katika toleo lililopita tuliwaomba mtuandikie kuhusu jambo moja: mtu asiye wa kanisa lenu akiingia mlangoni, anakutana na nini? Barua zimekuja nyingi kuliko kurasa tulizonazo. Tumechagua zinazogusa wengi, na nyingine tumezifupisha. Majibu yametoka kwa jopo letu la wachungaji, makatekista na wahudumu wa mapokezi kutoka madhehebu mbalimbali.

Wapendwa katika Bwana, kanisa letu lina kamati ya mapokezi yenye sare. Kila Jumapili tunawasimamisha wageni, tunawaimbia wimbo, tunawapa kalamu yenye jina la kanisa. Hata hivyo wengi tunawaona mara moja tu. Tunakosea wapi? – Katibu wa kamati ya mapokezi

Ndugu Katibu, mlango wenu haujambo. Kwa maelezo yako, tatizo liko katikati ya ibada na baada yake.

Tuanze na kusimamishwa. Mwenyeji huona amempa mgeni heshima. Mgeni huona macho ya watu mia mbili yamemgeukia kabla hata hajajua choo kiko wapi. Yupo aliyekuja kimyakimya kwa sababu amefiwa, au ndoa yake inayumba, au nyumbani hawajui alikokwenda. Huyo ndiye mnayempoteza pale pale. Wengine hubaki wamekaa ili wasijulikane, na hivyo siku yao ya kwanza ndani ya kanisa wanaianza kwa kujificha. Tunashauri utaratibu huo muuache kabisa. Kiongozi wa ibada aseme tu: “Kama leo ni mara yako ya kwanza, karibu sana. Huhitaji kusimama wala kujitambulisha. Tukimaliza, mimi na mama aliyevaa kitambaa cha kijani tutakuwa pale kwenye mlango wa kushoto, tutafurahi kukusalimu.” Kisha awepo kweli. Akiitwa ofisini kwa jambo la dharura, amwachie mtu nafasi yake.

Kalamu haina neno, ila haimrudishi mtu.

Sasa lile kubwa. Jumapili moja keti nyuma ukiwa na saa mkononi, uangalie kinachotokea baada ya baraka ya mwisho. Mara nyingi huwa hivi: wahudumu wa mlangoni wanavua vitambulisho na kwenda kuhesabu sadaka, wazee wanamzunguka mchungaji, kwaya inabaki mbele kupanga mazoezi, na kila mtu anamtafuta rafiki yake. Mgeni anatoka polepole, anasimama kidogo nje akijifanya anasoma ujumbe kwenye simu, halafu anashika njia. Hakuna aliyemkosea, wala hakuna aliyezungumza naye. Mkono alioshikwa mlangoni alijua ni wa mtu wa zamu. Alichokuwa akisubiri ni mtu asiye wa zamu.

Kwa hiyo wekeni kanuni ya dakika kumi. Tangu baraka mpaka dakika ya kumi, hakuna kiongozi kujadili shughuli za kanisa na kiongozi mwenzake. Sadaka ihesabiwe baadaye na watu ambao hawako kwenye mapokezi. Kwaya ikutane dakika ya kumi na moja. Kila mzee wa kanisa au shemasi azungumze na mtu mmoja asiyemjua vizuri kabla hajamwendea anayemjua. Wiki mbili za mwanzo mtajikuta mmerudi kule kule, kwa kuwa mazoea yana nguvu, basi mchungaji akumbushe kabla ya baraka na yeye mwenyewe awakatalie kwa upole wanaomkimbilia na karatasi za kusaini.

Kuhusu mgawanyo wa watu: kwa ibada ya watu 150 hadi 200, saba wanatosha. Mmoja akae nje penye lango, wawili mlangoni, wawili ndani wa kuonyesha viti, na wawili wasiovaa kitambulisho chochote, wakae wamechanganyika na watu upande wa nyuma. Hao wawili wa mwisho ndio wenye kazi nzito. Fanyeni vikundi vinne ili kila mmoja ahudumu mara moja kwa mwezi. Watu wakiwa wale wale kila Jumapili huchoka, na walio nje ya kamati huzoea kuona kwamba wageni wana wenyewe.

Mlangoni msiweke tu vijana waliovaa vizuri. Mtakatifu Benedikto, katika kanuni aliyowaandikia watawa wake karne ya 6, aliagiza mlango wa monasteri ukabidhiwe mzee mwenye busara, anayejua kupokea ujumbe na kutoa jibu, ambaye umri wake haumruhusu kuzurura. Mtu wa namna hiyo anaitambua sura ya aliyekuja na mzigo.

Yapo pia maswali ya kwanza yanayofukuza watu. “Unasali wapi?” humweka mgeni kwenye fungu kabla hajaketi. “Umeokoka?” ni swali la mtu mliyekwisha kujenga naye uhusiano. Nalo “Sijawahi kukuona hapa” limewaumiza wengi waliokuwa wakija mwaka mzima bila kuonekana. Afadhali useme: “Sidhani kama tumewahi kusalimiana, mimi naitwa fulani.” Sentensi hiyo inamfaa mgeni na inamfaa mwenyeji, hutakosea kokote.

Mwisho ni viti. Wenyeji hupenda ncha za mabenchi na safu za nyuma, na wageni, ambao mara nyingi huchelewa kwa kutojua njia, wanalazimika kupita mbele ya magoti ya watu au kupelekwa mstari wa kwanza. Tangazeni Jumapili tatu mfululizo: wenyeji waketi katikati ya benchi na upande wa mbele, safu mbili za nyuma karibu na mlango zibaki wazi mpaka robo saa ya kwanza ipite.

Mimi si Mkristo. Rafiki yangu wa kazini amenialika kanisani kwao na ningependa kwenda kuona, ila naogopa kufanya jambo la aibu. Nifanye nini na nisifanye nini? – Msomaji anayetaka kwenda

Karibu, na asante kwa kuuliza waziwazi. Fika dakika kumi kabla. Keti safu ya tatu au ya nne kutoka nyuma, usikae ya mwisho kabisa, maana unahitaji watu mbele yako ili uone wanaposimama na wanapoketi. Ukiweza kusimama nao, simama kwa heshima. Kupiga magoti, kuinua mikono, kufanya ishara ya msalaba au kutamka ungamo la imani si wajibu wako. Ukibaki umeketi kimya hujamkosea mtu.

Chombo cha sadaka kikipita, kipitishe kwa jirani. Kwenye meza ya Bwana, yaani mkate na divai, baki kwenye kiti chako isipokuwa kiongozi amesema wazi kwamba kila mtu anaalikwa. Katika parokia nyingi za Kikatoliki na za Kianglikana, asiyeshiriki anaweza kwenda mbele akiwa amekunja mikono kifuani, akabarikiwa tu. Muulize rafiki yako kama kwao ndivyo.

Muulize pia mambo matatu kabla ya siku: ibada huchukua muda gani, watu huvaaje (katika makanisa ya Kiorthodoksi na baadhi ya mengine wanawake hufunika kichwa), na kama ibada hurushwa mtandaoni. Kama hutaki kuonekana kwenye video, mwambie akuketishe nje ya upeo wa kamera. Na kama mtu atakuuliza mbele za watu iwapo uko tayari kuamini leo, una haki ya kusema, “Asante, leo nimekuja kusikiliza.” Kanisa zuri litaliheshimu jibu hilo.

Mimi ni mchungaji. Vijana wananiambia ibada yetu haieleweki kwa mtu wa nje. Lakini nikianza kueleza kila kitu, ibada itageuka darasa. Mpaka uko wapi? – Mchungaji

Mchungaji, Paulo alilikabili swali hili kabla yetu. Katika sura ya 14 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho anawauliza: mkiwa mmekusanyika nyote mkinena kwa lugha zisizoeleweka, akaingia mtu asiyeamini, je, hatasema mna wazimu? Hakuwakataza kuabudu kwa kina. Aliwataka wakumbuke kwamba kuna mtu wa nje chumbani, na waseme kwa namna ambayo naye moyo wake unaweza kuguswa.

Eleza mahali patatu tu, kwa sentensi moja kila pahali. Kabla ya ungamo la imani: “Haya ni maneno ambayo Wakristo wamekiri pamoja kwa karne nyingi, kama bado hujafika hapo, sikiliza tu.” Kabla ya sadaka, na kabla ya meza ya Bwana, ambayo tunaijibu hapa chini. Mengine yabebwe na karatasi au ukuta: maneno yote ambayo waumini huyajibu kwa kichwa yaandikwe. Nambari ya wimbo itajwe mara mbili pamoja na jina la kitabu, kisha mpiga kinanda asubiri sekunde kumi na tano. Anayesoma Maandiko aseme ukurasa, kama mna Biblia za aina moja kwenye viti. “Fungueni Habakuki” kwa mtu asiyejua Habakuki yuko wapi ni mtihani mbele ya jirani.

Lakini kwa uzoefu wa jopo hili, pale mgeni anapopotea kabisa si kwenye mahubiri. Ni kwenye matangazo. Chukua tangazo la kawaida: “Idara ya akina mama mtakutana pale pa siku zote baada ya ibada, na wa Bethania msisahau lile jambo letu.” Ndani ya sentensi hiyo moja mna maneno manne ambayo mgeni hawezi kuyafungua: idara ni nini, pale ni wapi, Bethania ni nani, jambo gani. Liandike upya: “Wanawake wote, hata aliyekuja leo kwa mara ya kwanza, wanakutana saa nane mchana katika chumba chenye mlango wa bluu nyuma ya jengo. Kikao ni saa moja, hakuna mchango.” La Bethania litumwe kwa simu kwa watu wa Bethania wenyewe. Tangazo linalohusu watu kumi lisichukue muda wa watu mia mbili. Mpe mtu mmoja kazi ya kupitia matangazo yote siku moja kabla, akiwa na kalamu nyekundu, afute kila kifupisho na kila “kama mnavyojua”.

Katika mahubiri, zungumza kana kwamba asiyeamini yupo, hata siku ambayo unaona hayupo. Ukisema “baadhi yetu hapa bado tuna mashaka, na hii ni sehemu ngumu kukubali”, wenyeji wataanza kuona kwamba mahali hapa panamfaa jirani yao, nao watamwalika. Ukifanya mzaha kuhusu dhehebu jingine au dini nyingine, watu watacheka, na hakuna atakayethubutu kumleta jirani yake tena. Mara nyingi hapo ndipo mialiko inapokauka, wala mchungaji haambiwi.

Kanisa letu linaruhusu meza ya Bwana kwa waliobatizwa na kuthibitishwa (kupata kipaimara) tu. Je, si kinyume cha ukaribishaji? Wageni wanabaki wamekaa, wanaonekana. – Shemasi

Si kinyume, ila kunahitaji maneno. Mpaka huu ni wa zamani sana. Yustino Mfiadini, akiandika Roma karibu mwaka 155, alieleza kwamba Ekaristi, yaani meza ya Bwana, ilitolewa kwa walioamini na kubatizwa, na katika karne zilizofuata wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, waliagwa kabla sehemu hiyo haijaanza. Leo madhehebu hayako sawa: Wakatoliki na Waorthodoksi, kwa kawaida, hushirikisha walio katika ushirika kamili na kanisa lao, Wamethodisti wengi huifungua meza kwa wote wanaomtafuta Kristo, Walutheri hutofautiana kutoka kanisa moja hadi jingine. Kila moja lina hoja zake, na ukurasa huu hautaamua kati yao.

Kinachomuumiza mgeni ni kushtukizwa. Anasimama kwenye foleni na wengine, anafika mbele, anaulizwa kwa sauti ya chini kama amethibitishwa, anarudi amejaa haya. Zuieni hilo kwa maneno yanayosemwa kabla mtu yeyote hajainuka, tena kwa uchangamfu: “Katika kanisa letu wanaopokea ni waliobatizwa na kuthibitishwa. Kama wewe bado, unakaribishwa kuja mbele kuombewa baraka, au kubaki ulipo na kutafakari maneno yaliyo kwenye karatasi yako.” Halafu waambieni wenyeji wachache ambao siku hiyo hawapokei nao wabaki wameketi bila kuona aibu, ili mgeni asiwe peke yake kwenye benchi tupu. Wahudumu wanaoruhusu safu baada ya safu wasimwinue mtu kwa mkono.

Na mgeni akiuliza afanyeje ili siku moja apokee, awepo mtu wa kumjibu wiki hiyo hiyo. Kanisa Katoliki, kufuatia Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lilirudisha mwaka 1972 utaratibu wa ukatekumeni wa hatua kwa hatua kwa watu wazima. Kila dhehebu lina njia yake. Ukifunga mlango wa meza, basi njia ya kuufikia iwe imeandikwa, ina tarehe ya kuanza na ina jina la mtu wa kumwona.

Kwetu sadaka hupelekwa mbele, safu kwa safu. Asiye na kitu anaonekana. Nimeona watu wakitoka nje wakati huo kama wanakwenda msalani. – Mama wa kwaya

Mama, umeona vema, na kamati yenu ya fedha inapaswa kuisoma barua yako. Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anakemea kanisa linalompa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini asimame pale. Kanisa la kale lilijaribu kulishika neno hilo kwa vitendo: mwongozo wa kanisa wa karne ya 3 uitwao Didaskalia unamwagiza askofu kwamba akiingia maskini na nafasi hakuna, yeye mwenyewe amwachie kiti chake, hata ikibidi aketi chini. Halafu tulisahau. Uingereza na Marekani, mpaka karne ya 19 na kuendelea, makanisa mengi yalikodisha mabenchi kwa familia zenye fedha, na asiyelipa akakaa pembeni. Kanisa la Free Methodist lililoanzishwa Marekani mwaka 1860 lilichukua neno “Free”, yaani “huru”, kwenye jina lake kwa sababu mojawapo ya kukataa viti vya kulipia.

Njia rahisi ni sanduku mlangoni, pamoja na njia ya simu kwa wanaotoa kwa simu. Mkitaka kubaki na kwenda mbele kwa kuwa ni sehemu ya furaha ya ibada yenu, basi waalikeni watu wote waende, mwenye sadaka na asiye nayo, kwa kuwa wanakwenda kuomba baraka. Mkono uliofumbwa hauulizwi una nini. Kiongozi aseme pia: “Kama wewe ni mgeni, hatutarajii utoe.” Msisome majina ya watoaji na kiasi walichotoa. Hilo halimgusi mgeni peke yake, linawaondoa wenyeji pia.

Baba yangu anatumia kitimwendo. Mlangoni kuna ngazi tatu, vijana humbeba. Anasema hataki tena kubebwa kama mzigo. – Binti

Baba yako ana haki, binti. Kubebwa mbele ya watu kila wiki kunachosha roho, na ni hatari kwake na kwa wanaombeba.

Pimeni kimo cha ngazi. Kipimo kinachotumika kwingi ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu wa rampu, yaani njia ya mteremko isiyo na ngazi. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45, kwa hiyo rampu iwe na mita 5.4. Kosa la kawaida ni mafundi kuweka ubao wa mita mbili. Huo unamfanya mtu ashuke kwa kasi na kiti kipinduke, au asukumwe na watu watatu akipanda. Juu na chini kuwe na sehemu tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5 ya kugeuzia, pembeni kuwe na reli ya kushika na kingo ndogo ya kuzuia gurudumu. Uso uwe wa kukwaruza, maana saruji laini ikinyeshewa huteleza. Mlango uwe na uwazi usiopungua sentimita 80. 90 ni bora.

Ndani, kateni benchi moja katikati ya ukumbi ili ipatikane nafasi ya sentimita 90 kwa 130, na jirani yake ibaki sehemu ya mwenziwe kuketi. Msimweke mbele kabisa kama maonyesho, wala nyuma penye viti vilivyorundikwa. Msisahau choo, kwani mtu asiye na choo cha kuingia atakuja ibada fupi tu au hatakuja kabisa.

Kwa viziwi, mkalimani wa lugha ya alama asimame penye mwanga wa mbele. Dirisha likiwa nyuma yake, mikono na uso huwa kivuli. Safu mbili zilizo mbele yake ziwe zao. Kwa wasioona vizuri, chapisheni nakala chache za nyimbo kwa herufi za ukubwa wa 18, wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, bila picha nyuma ya maandishi.

Na jambo ambalo wenye ulemavu wametuandikia kuliko yote: msimwekee mtu mikono na kuanza kumwombea uponyaji bila kumuuliza. Amekuja kuabudu kama wewe. Muulize, “Kuna jambo ungependa tukuombee?” Huenda akakuambia ni mtihani wa mwanawe.

Watu wa dini nyingine huja kwetu kwenye arusi na mazishi tu. Tutumieje nafasi hiyo? – Mzee wa kanisa

Mzee wetu, neno “kutumia” ndilo tungeomba uliache. Aliyekuja kumzika jirani yake amekuja kuomboleza. Mahubiri yanayowageukia waombolezaji wa dini nyingine na kuwaambia marehemu wao walikokwenda huzua uchungu unaokaa miaka mingi kati ya majirani. Hubirini tumaini lenu la ufufuo waziwazi, ndiyo imani yenu na hakuna anayetarajia muifiche. Wito wa kuja mbele kuokoka muuache siku hiyo.

Mnachoweza kufanya vizuri: wakaribishaji wawe wengi kuliko Jumapili ya kawaida, karatasi ya ibada ieleze lini kusimama, na kwenye chakula muulizeni mapema kila anayehusika ni nini wageni hawali. Wekeni mahali pa kivuli na maji kwa anayetaka kusubiri nje wakati wa ibada. Kuna wasioruhusiwa na dhamiri yao kuingia, nao pia ni wageni wenu.

Tena, picha. Mtu anayeonekana kanisani kwenye picha ya mtandaoni anaweza kupata matatizo makubwa na jamaa zake. Kamera za kanisa zielekezwe mbele, na upande mmoja wa ukumbi ubandikwe tangazo kwamba hapo hapapigwi picha.

Mgeni akijaza kadi, tumtembelee baada ya muda gani? – Kiongozi wa ufuatiliaji

Msimtembelee bila kualikwa. Kadi iombe jina na namba moja ya simu tu, iwe na kisanduku cha kuchagua: “nitumieni ujumbe”, “nipigieni”, “msinitafute kwanza”. Anayechagua la tatu aachwe. Kwa wengine, ujumbe mmoja ndani ya siku mbili, kutoka kwa mtu mmoja aliyekutana naye: “Habari, ni mimi tuliyezungumza Jumapili karibu na ngazi. Nilifurahi kukufahamu. Ukiwa na swali lolote kuhusu kanisa, nipo.” Hapo inatosha. Akikaa kimya, mmoja tena baada ya wiki tatu, kisha basi. Linaloharibu ni pale namba inapowekwa kwenye kundi la simu la kanisa, akapata ujumbe sitini kwa siku na maombi ya michango. Mwanamke atafutwe na mwanamke. Namba za watoto zisichukuliwe. Ni za wazazi.

Nina miezi minane hapa. Wananisalimu wote, hakuna anayenijua. – Si mgeni, si mwenyeji

Pole sana, ndugu yetu. Barua yako ilikuwa fupi kuliko zote na tumeisoma mara nyingi. Kanisa lenu limejifunza kupokea, halijajifunza kupisha. Makundi ya ushirika yakifikisha miaka kadhaa huwa na vichekesho vyao na historia yao, na anayeingia hubaki msikilizaji. Viongozi wanaosoma haya waanzishe kundi jipya angalau mara moja kwa mwaka, lisilozidi watu kumi na wawili, nusu wageni na nusu wenyeji waliokubali kuacha kundi lao la zamani. Kuwaongeza wapya wawili kwenye kundi la watu kumi na tano waliozoeana hakufanyi kazi.

Wewe usingoje. Omba kazi ndogo inayofanywa kwa mikono na watu wachache: kupanga viti, kuosha vyombo, mitambo ya sauti, kupokea wageni. Watu huzoeana haraka wakiwa wanafanya jambo pamoja kuliko wakiwa wameketi wakitazamana. Wakikuambia kazi za watoto bado, usiudhike: makanisa mengi yenye sera ya ulinzi wa watoto huweka miezi sita na barua za udhamini kabla ya mtu yeyote, awe nani, kupewa darasa. Ukishapita muda huo, uliza tena.

Tutajuaje kama tumebadilika? Kila mtu husema kanisa lake lina upendo. – Katibu wa baraza

Wenyeji hawawezi kulijibu hilo. Kila baada ya miezi mitatu mwombeni mtu asiye wa kanisa lenu, ikiwezekana asiye Mkristo, aje bila kutambulishwa, kisha awaandikie majibu ya maswali matano: Ulipata wapi saa na mahali pa ibada, na vilikuwa sahihi? Nani alizungumza nawe ambaye hakuwa wa zamu? Ni wapi ulipotea? Kuna lililokuaibisha? Ungerudi? Lipeni nauli yake. Majibu yasomwe barazani kama yalivyo, bila mtu kuyajibu siku hiyo.

Wekeni pia daftari lenye safu tatu: waliokuja mara ya kwanza, waliorudi ndani ya mwezi, na walio bado nanyi baada ya miezi sita. Ya kwanza ikijaa na ya pili ikiwa tupu, angalieni ibada na zile dakika kumi. Ya pili ikijaa na ya tatu ikiwa tupu, angalieni makundi. Ya kwanza ikiwa tupu, waulizeni waumini wenyewe, mmoja mmoja na kwa faragha, kwa nini hawaaliki mtu.